Mwanga wa Mapigo na Kazi Zake Viwandani

Hakuna askari aliyepita chuo cha mafunzo asiyeijua amri ya kutoa magodoro na mablanketi nje na kuyaanika juani. Kuruta huiona kazi hiyo kuwa adhabu nyingine tu, na pengine hata sajini anayeisimamia hajaambiwa sababu yake, ila ndivyo alivyoikuta. Hata hivyo, amri hiyo ina elimu ndani yake. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walitia maji yenye chakula cha vijidudu katika mirija ya kioo, wakaiweka mahali penye jua. Mirija mingine wakaifunika isipate mwanga. Baada ya siku kadhaa ile iliyofunikwa ilikuwa imechafuka na kujaa bakteria, na ile iliyopigwa na jua ilibaki safi. Wakathibitisha ya kuwa kilichofanya kazi hiyo si joto la jua, bali ni mwanga wenyewe, hasa upande wake wa zambarau.

Zaidi ya hiyo rangi ya zambarau kuna mwanga mwingine usioonekana kwa jicho. Mjerumani Johann Wilhelm Ritter ndiye aliyeugundua mwaka 1801, alipoona kwamba chumvi ya fedha hugeuka nyeusi upesi zaidi pale mbele ya zambarau, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mwanga huo kwa Kiswahili huitwa urujuanimno. Mawimbi yake ni mafupi mno, kati ya nanometa 100 na 400, na nanometa moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Sehemu yake iliyo kali kabisa, ile iliyo chini ya nanometa 280, haifiki ardhini kutoka juani, kwa sababu huzuiwa na hewa ya ozoni iliyo juu angani. Kwa hiyo vijidudu vya duniani havikuumbwa na kinga madhubuti dhidi yake. Miale hiyo ikimpiga bakteria huingia katika DNA yake, yaani ile kanuni ya urithi iliyo ndani ya kila chembe hai, na kuifunga mafundo. Bakteria huyo halipuki wala haungui, na umbo lake hubaki vilevile, lakini hawezi tena kujigawa na kuzaa. Na bakteria asiyeweza kuzaa hawezi kumwangusha mtu kitandani.

Viwanda vilianza kuitumia elimu hii zamani. Mwaka 1910 mji wa Marseille nchini Ufaransa ulijaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa za zebaki, ambazo hutoa miale ya urujuanimno mfululizo. Taa za aina hiyo zingalipo, na zinafanya kazi njema katika mitambo mingi ya maji duniani. Ila taa ya zebaki ni kama mlinzi wa zamu: imesimama pale inawaka saa zote, na kazi yake huhitaji kitambo. Tena huchukua dakika kadhaa kupata moto inapowashwa. Mazungumzo ya leo yanahusu taa ya namna nyingine, ambayo haiwaki mfululizo hata kidogo. Hiyo hutoa mapigo mafupi mno ya mwanga, na kati ya pigo na pigo huwa giza tupu.

Asili ya taa hiyo haikuwa katika hospitali wala katika kiwanda cha maziwa. Katika miaka ya 1930 mwalimu mmoja wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, aliyeitwa Harold Edgerton, alikuwa akitengeneza taa za kumulika kwa nukta moja ili kupiga picha za vitu viendavyo kasi, kama vile pangaboi la mashine au risasi iliyo hewani. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, jeshi la anga la Marekani lilimtaka atengeneze taa kubwa ya namna hiyo, itakayochukuliwa na ndege ili kupiga picha za adui usiku. Kabla ya hapo marubani walikuwa wakidondosha mabomu ya unga wa kumulika, nayo kila moja lilimulika mara moja tu likaisha. Taa ya Edgerton ilimulika, ikajijaza umeme, ikamulika tena. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, siku ambayo majeshi ya washirika yalishuka pwani ya Normandy, ndege zenye taa hizo ziliruka juu ya eneo hilo zikipiga picha za barabara, kutafuta dalili za majeshi ya Kijerumani kusogea. Ni vyema kulitaja jambo hili, kwa sababu watu wengi hudhani ya kwamba teknolojia ya vita hubaki vitani. Hii ilitoka vitani ikaishia kwenye kifuniko cha chupa.

Yafaa kueleza namna taa hiyo inavyofanya kazi, maana bila kufahamu hilo mtu hawezi kuzipima sifa zinazovumishwa na wauzaji. Ndani yake mna kapasita, yaani chombo cha kulimbikiza umeme. Askari aliyepata kupangiwa zamu ya maji kambini ataelewa mara moja. Bomba jembamba likitiririka usiku kucha hujaza tangi. Asubuhi mtu akilipindua tangi hilo kwa mkupuo, maji yaleyale ambayo usiku yasingeweza kumlowesha kuku sasa huweza kumwangusha mtu mzima. Kapasita ndiyo tangi. Umeme wa kawaida huingia polepole, kisha hufunguliwa wote kwa mara moja na kupitishwa katika mrija uliojaa gesi ya zenoni. Gesi hiyo ni adimu. Imo katika hewa tunayovuta, lakini kwa kiasi kisichofikia hata sehemu moja katika milioni kumi. Ilitambuliwa mjini London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Umeme ukiipiga, gesi hiyo hupata moto wa nyuzi zinazokaribia 10,000, ambao unaushinda uso wa jua, nayo hutoa mwanga mweupe wenye rangi zote pamoja na wingi wa miale ya urujuanimno. Mrija wenyewe hutengenezwa kwa kioo cha kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida cha dirisha huizuia miale ile mikali isipite.

Hesabu yake si ngumu. Chukua taa inayotumia jouli 300 kwa kila pigo. Huo si umeme wa kutisha. Balbu ya wati 60 huutumia katika sekunde 5. Lakini taa hiyo huutoa wote katika sehemu 300 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, na kwa kitambo hicho nguvu yake hufikia wati milioni moja, yaani megawati moja. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lina mitambo ya megawati 180. Basi taa 180 za namna hiyo zikipiga kwa pamoja zingelingana na bwawa zima, japo kwa muda usiotosha hata jicho kupepesa. Karani wa bili za umeme asingejua kwamba kumetokea jambo.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi iwapo ukali huo wa pigo una faida ya pekee katika kuua vijidudu, au kama kinachohesabiwa ni jumla tu ya miale iliyokifikia kijidudu. Ubishi huo waachiwe wao. Lililo wazi kwa mwenye kiwanda ni muda. Kazi ambayo taa ya zebaki huifanya kwa sekunde nyingi, taa ya mapigo huimaliza kwa mapigo machache, na kitu kilichomulikwa hakiwahi kupata joto la kukiharibu.

Wajapani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu kutumia mapigo ya zenoni kuua vijidudu, katika miaka ya 1970. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa mjini San Diego, Marekani, na kampuni ya PurePulse, iliyokuwa tawi la kampuni ya Maxwell, ambayo nayo ilikuwa imejipatia ujuzi wa umeme wa mapigo katika kazi za ulinzi. Mwaka 1996 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mwanga huo utumiwe kwenye vyakula, kwa masharti: taa iwe ya zenoni, pigo moja lisizidi sehemu mbili za sekunde iliyogawanywa mara elfu, na jumla ya mwanga unaokipata chakula isizidi jouli 12 kwa kila sentimita mraba. Yaliyotarajiwa wakati huo yalikuwa makubwa. Ilidhaniwa kwamba nyama, samaki, mikate na matunda yote yangepitishwa chini ya taa hizo. Haikutokea hivyo. Mahali mwanga wa mapigo ulipopata makao ya kudumu ni kwenye vifungashio.

Mtazame mfanyakazi katika kiwanda cha kujaza maji ya matunda au maziwa katika chupa. Kinywaji kimechemshwa. Chupa imesafishwa. Lakini kifuniko kimetoka kiwanda kingine ndani ya katoni, kimesafiri kwa lori, na ndani yake mna vumbi pamoja na mbegu za kuvu. Kifuniko kimoja kichafu chatosha kuharibu chupa nzima, na mnunuzi akiona utando wa kijani shingoni mwa chupa hatauliza habari za kifuniko. Atalaani jina lililo kwenye karatasi ya chupa. Kwa miaka mingi dawa yake imekuwa ni kuvinyunyizia vifuniko kemikali kali, kama vile haidrojeni peroksaidi au asidi ya perasetiki, kisha kuvisuuza kwa maji safi na kuvikausha. Kazi hiyo hutaka ghala la kemikali, mavazi ya kinga kwa wafanyakazi, maji mengi, na mahali pa kumwaga maji hayo machafu.

Kwa mwanga wa mapigo, vifuniko hushuka kimoja kimoja kwenye reli, uso wa ndani ukielekezwa kwenye taa. Kila kinapopita hupigwa na mwanga mara moja au mara chache, kikaendelea na safari yake hadi kwenye chupa. Makumi ya maelfu ya vifuniko huweza kupita kwa saa moja. Hakuna maji wala kemikali. Na kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni ya kifundi: mkanda wa kiwanda ukisimama ghafla, kama inavyotokea kila siku, taa ya mapigo nayo husimama papo hapo, na ukianza tena huanza nao. Taa ya zebaki ingeendelea kuwaka, na kile kifuniko cha plastiki kilichokwama chini yake kingelainika na kupinda. Tena taa ya zebaki ikivunjika juu ya chakula, humwaga sumu. Nchi nyingi zimekubaliana kupunguza matumizi ya zebaki kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na hilo limeipa zenoni nafasi zaidi. Kampuni moja ya Avignon, Ufaransa, iitwayo Claranor na iliyoanzishwa mwaka 2004, imeifanya kazi hii ya vifuniko, vikombe na mifuniko ya karatasi ya alumini kuwa biashara yake mahsusi.

Sasa ni kwa nini nyama na samaki hawakufuata njia hiyo? Askari anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko mhandisi. Bunduki ya rashasha iliyowekwa juu ya kilima hulitawala bonde zima, isipokuwa sehemu ambazo risasi hazifiki: nyuma ya kichuguu, ndani ya handaki, chini ya ukingo wa mto. Adui aliyelala hapo yu salama hata kama risasi ni elfu. Mwanga wa mapigo nao husafiri kwa mstari ulionyooka. Kifuniko cha plastiki ni uwanja tambarare usio na maficho. Lakini ngozi ya kuku ina vinyweleo, jani la mboga lina mikunjo, na kipande cha nyama kina nyufa na majimaji. Bakteria mmoja ni mdogo kiasi kwamba chembe ya vumbi isiyoonekana kwa jicho ni ngome kwake. Wakilundikana, wale wa juu hufa na wale wa chini husalimika chini ya maiti za wenzao. Maji maangavu hupitisha miale. Maziwa hayapitishi, huizuia karibu na uso tu. Aidha, mwanga mwingi mno juu ya mafuta huleta harufu mbaya ya kuchacha.

Jambo hili lina maana kwa nchi za Afrika Mashariki kwa sababu ya mahindi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Malori yalikwama mipakani, na si ajabu kwamba tangu hapo watu huuliza kama hakuna mashine ya kuiondoa. Watafiti katika maabara wamefaulu kuipunguza sumu hiyo juu ya nafaka kwa mapigo ya mwanga. Lakini punje ya mahindi ina pande zote, nayo hulala juu ya punje nyingine, na sumu ikishaingia ndani mwanga haiifuati. Mkulima aliyeanika mahindi yake juu ya turubai badala ya udongo, akayakausha vizuri kabla ya kuyatia ghalani, amefanya kazi ambayo taa haiwezi kumfanyia baadaye.

Chakula cha pekee kilichonufaika kwa namna isiyotarajiwa ni uyoga. Uyoga ukipigwa na miale ya urujuanimno hutengeneza vitamini D, kama ngozi ya mtu inavyofanya juani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walionyesha kuwa mapigo machache, kwa sekunde chache tu, huongeza vitamini hiyo kwa kiasi kikubwa bila kuubadili uyoga rangi.

Kuua vijidudu, hata hivyo, ni sehemu tu ya kazi za mwanga huu. Kuna gundi na wino ambazo hazikauki kwa hewa wala kwa moto, bali huganda pale zinapopigwa na urujuanimno. Sahani za DVD zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1990 ni sahani mbili nyembamba za plastiki zilizogandishwa pamoja. Zikikaa chini ya taa yenye joto la mfululizo hupinda, na sahani iliyopinda haichezi. Mapigo ya zenoni yaligandisha gundi kabla plastiki haijapata habari. Kampuni ya Xenon Corporation ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni mojawapo ya zilizouza mitambo ya kazi hiyo.

Mapigo ya urujuanimno hupatikana pia kwa leza, ambayo hukusanya mwanga wa wimbi moja tu na kuulenga mahali padogo sana. Mfano mmoja utawagusa walio katika vikosi vya anga. Ndani ya ndege mna nyaya nyingi mno, na kila waya sharti uwe na namba yake ili fundi asipotee. Zamani namba hizo zilipigwa kwa muhuri wa chuma cha moto, nao mara nyingine ulitoboa au kudhoofisha gamba la waya bila mtu kuona. Siku hizi hutumika leza ya urujuanimno. Gamba jeupe la waya limechanganywa na unga wa titani, uleule unaotia weupe katika rangi ya ukutani, na pigo la leza huugeuza unga huo kuwa mweusi pale tu lilipogusa. Namba husomeka, na gamba halipati jeraha.

Leza za namna hiyo, zenye mawimbi ya nanometa 248 na 193, ndizo zilizochora kwa miaka mingi michoro midogo ndani ya chipu za kompyuta, kwa maelfu ya mapigo kila sekunde. Chipu zilizo ndogo kabisa sasa huchorwa kwa mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi, ambazo hudondosha matone 50,000 ya bati iliyoyeyuka kila sekunde na kulipiga kila tone kwa leza, ili litoe mwanga wa nanometa 13.5. Mwanga huo hauwezi hata kupita hewani. Kazi yote hufanyika katika chumba kilichoondolewa hewa. Simu nyingi za bei kubwa zimepita huko kabla ya kufika dukani.

Mwezi Novemba 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walitaka kujua leza hiyo ingefanya nini kwenye mwili wa kiumbe. Srinivasan alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Leza ilikata gegedu la bata kwa usafi wa ajabu, bila kuunguza pembeni. Kutokana na mabaki hayo ya mezani ukaja upasuaji wa kunyoosha macho yasiyoona mbali. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza mwaka 2000 mpango wa kuwafanyia askari wake upasuaji huo, kwa kuwa askari anayetegemea miwani ni askari anayeweza kupofuka kwa kuanguka mara moja.

Yasalia mambo ya hospitali, ambayo ndiyo yaliyoleta maneno mengi tangu ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020. Kuna mashine zenye magurudumu, ziitwazo roboti ingawa nyingi husukumwa kwa mkono, zenye taa ya zenoni inayoinuka kama shingo. Mgonjwa akishatoka chumbani na mfagiaji akishamaliza kazi yake, mashine huingizwa, mlango hufungwa, na kwa muda wa dakika tano hivi hupiga mapigo. Kisha huhamishwa upande wa pili wa kitanda, ikarudia. Mtu akiingia kwa bahati mbaya hujizima. Kampuni ya Xenex ya Texas ndiyo iliyojulikana zaidi kwa mashine hizo. Mwaka 2014 hospitali ya kambi ya ndege za kivita ya Langley, Virginia, ilipata moja, na mwaka huohuo zilitumika katika hospitali ya Dallas ulipoingia ugonjwa wa Ebola. Bei iliyotangazwa wakati huo ilizidi dola 100,000 kwa mashine moja.

Kwa bei hiyo ni haki kuuliza faida yake. Mjini Detroit watafiti walifanya jaribio la uangalifu katika wodi za hospitali mbili. Wodi nyingine zilipewa mashine ya kweli, nyingine zikapewa mashine bandia iliyofanana nayo, na wahudumu hawakuambiwa ipi ni ipi. Mwisho wa jaribio hakukuonekana tofauti ya maana katika idadi ya wagonjwa walioambukizwa. Haina maana kwamba taa haiui vijidudu. Huviua, na maabara zimethibitisha. Maana yake ni kwamba chumba cha hospitali kimejaa vivuli, chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya mikunjo ya godoro, na kwamba mkono wa muuguzi usiooshwa huingia chumbani dakika moja baada ya mashine kutoka. Ebola ilipopiga Gulu mwaka 2000, ikaua watu 224 wakiwemo wahudumu wa afya, haikukomeshwa kwa taa yoyote. Ilikomeshwa kwa kuwatenga wagonjwa, kwa glavu na maji ya klorini, na kwa watu waliotembea nyumba hadi nyumba wakiwafuatilia waliogusana nao.

Hatari ya mwanga huu nayo isifichwe. Aliyewahi kumtazama mchomeleaji wa vyuma bila miwani, kisha usiku akaamka na macho kama yenye mchanga, ameonja urujuanimno. Katika mwaka 2020, taa ndogo za mkononi zilipouzwa kila mahali, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasizitumie kusafisha mikono wala ngozi. Katika kiwanda taa ya mapigo hufungiwa ndani ya sanduku lenye swichi mlangoni, ili mlango ukifunguliwa taa isipige. Fundi mwenye haraka hupenda kuifunga swichi hiyo kwa kipande cha waya. Huyo anahatarisha macho yake, na zaidi ya macho: kapasita hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, na ni lazima umeme huo uteremshwe ardhini kwa fimbo maalumu kabla mkono haujaingia. Katika mashine hii, kuzima si sawa na kuwa salama.

Basi ofisa ugavi atakayeletewa mashine ya mwanga wa mapigo, iwe ya kiwanda, ya hospitali ya jeshi au ya jiko la kambi, ana haki ya kumwuliza mwuzaji maswali machache yasiyohitaji shahada. Ni uso gani utakaomulikwa, na una maficho kiasi gani? Nani atausafisha kwanza, maana taa haifagii? Na la tatu, ambalo wauzaji hulipenda kidogo kuliko yote: ni nini kitakachoipima taa yenyewe? Umri wa taa hizi huhesabiwa kwa mapigo, ambayo hufika mamilioni, na kadiri inavyozeeka kioo cha kwatzi huanza kuizuia miale mikali, ambayo ndiyo inayoua. Mwanga mweupe unaoonekana haupungui kwa kiasi hicho. Bila kipimo maalumu cha urujuanimno, mtu aliyesimama nje ya dirisha huona mmuliko uleule wa siku ya kwanza, na vifuniko huendelea kupita chini yake kwa maelfu.